Kanga au Kitenge: Kipi Kivaliwe Wapi

Mwanamke aliyealikwa shughuli tatu katika mwezi mmoja, tuseme arobaini ya jirani, harusi ya binti wa kaka yake na hafla ya kumuaga mkuu wa idara anayestaafu, akiingia katika maduka ya nguo ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Mtaa wa Biashara mjini Mombasa atakuta kanga na vitenge vimepangwa pamoja, vyote vya pamba, vyote vya rangi kali, na huenda fedha aliyonayo inatosha kimoja tu. Anachotaka kujua ni nguo ipi itakayomweka mahali pake katika kila shughuli, ili asionekane amedharau wala amejikweza. Nimelelewa katika nyumba ambayo sanduku la kanga lilikuwa mali ya kurithi na kitenge kilikuwa nguo ya kwenda kwa watu, na jibu ninaloliamini baada ya miaka mingi ni kwamba kanga ni nguo ya mwenyeji na kitenge ni nguo ya mgeni. Ninaposema mwenyeji simaanishi mwenye nyumba peke yake. Namaanisha kila aliyekuja kubeba sehemu ya shughuli: anayemenya, anayepika, anayemshika mfiwa, anayempamba bibi harusi. Mgeni ni yule aliyekuja kuheshimu shughuli kwa kuhudhuria, akae, ale, atoe mkono na kuondoka. Mtu yuleyule huweza kuwa mwenyeji Jumamosi na mgeni Jumapili, na nguo yake hubadilika naye.

Niseme mapema kwamba ninalinganisha desturi za Tanzania na za pwani ya Kenya, ambako kanga huitwa zaidi leso. Mashariki mwa Kongo mambo ni tofauti, kwa kuwa huko kitenge, ambacho wengi hukiita kikwembe, hufungwa kiunoni nyumbani na pia hushonwa kwa sherehe, hivyo nguo moja hufanya kazi ambazo kwetu zimegawanywa kwa mbili.

Nguo zenyewe

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Kila kipande kimezungukwa na pindo pande zote nne, katikati kuna mji, yaani uwanja wa kati wenye nakshi, na upande wa chini wa mji limeandikwa jina, yaani ule usemi ambao wengi wetu huusoma kabla hata hatujaitazama rangi. Kwa sababu pindo limeufunga mji pande zote, kanga hutoka kiwandani ikiwa nguo kamili, na kinachobaki ni kuikata doti katikati, kupinda kingo na kuifua ili wanga utoke. Kitenge hakina pindo la pande nne wala jina. Nakshi zake hujirudia kutoka mwanzo wa pisi hadi mwisho, mara nyingi yadi 6, na kwa hiyo hukaa kikimngoja fundi aamue kitakuwa nini: gauni, sketi na blauzi, shati la mume, kilemba, au vyote hivyo kwa pamoja iwapo mkataji ni hodari.

Asili zake nazo zinaeleza kwa nini tunazitumia tunavyozitumia. Kanga ilizaliwa hapa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake wa Unguja na Mombasa walipoanza kununua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga vipande sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima zilizokwisha kuchapwa, na miongoni mwao ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi za Kilatini. Lakini jambo linalonigusa zaidi katika historia hiyo ni lile la kaniki na merikani, nguo za rangi moja zilizokuwa zikivaliwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamefungwa na hali hiyo waliziacha nguo hizo na kuvaa kanga, kuonyesha kwamba nao sasa ni watu wa mji kama wengine. Kanga, basi, ilikuwa dai la uenyeji tangu siku zake za awali, na ndivyo inavyosomwa hadi leo na mama yeyote anayemwona binti akiingia uani amejifunga kanga.

Kitenge kimekuja kwa njia ya safari. Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za Java, na viwanda kama kile cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho leo ni Vlisco, vikapata wateja wakubwa Afrika ya Magharibi na Kongo. Hadi leo mchuuzi akitaka kukisifu kitenge chake husema ni cha Kongo. Ni nguo iliyozoea kupokewa ugenini, na heshima yake ni ya namna hiyo.

Msibani

Hakuna mahali ambapo tofauti hii inaonekana wazi kama msibani. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mwanamke hubeba kanga mkobani hata kama amevaa gauni refu, na akifika hujifunga moja kiunoni na nyingine akajitanda. Kanga hiyo humsitiri anapokaa jamvini, hufuta machozi, hugeuka mbeleko mtoto wa mfiwa akianza kulia, huviringwa ikawa kata ya kubebea ndoo, na saa ya kupika hulinda gauni dhidi ya moshi na mafuta. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, kanga ndizo zinazotandazwa kumsitiri marehemu wa kike wakati anapooshwa. Gauni la kitenge, hata likiwa zuri na refu kiasi gani, haliwezi hata moja ya kazi hizo.

Siku moja nilipitia msibani moja kwa moja kutoka kazini, nikiwa na gauni la kitenge la rangi ya chungwa lililokatwa la kubana hadi magotini. Hakuna aliyenisema. Nilikaribishwa kiti cha plastiki upande wa wageni wa mbali, nikakaa. Baada ya muda shangazi wa mfiwa aliinuka, akafungua kanga aliyokuwa amejitanda, akanifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe na kuniambia, "Haya mwanangu, sasa njoo tumenye vitunguu." Marehemu alikuwa mama wa rafiki yangu wa utotoni, na uchungu nilionao ulikuwa haujapata pa kwenda mpaka nilipokaa na wanawake wale jikoni. Tangu siku hiyo kanga haitoki kwenye mkoba wangu.

Hata hivyo si kila kanga inafaa msibani, kwa sababu inazungumza. Jina kama "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" linakaa vizuri katika nyumba ya huzuni, ilhali "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake" ni la ugomvi, na kulivaa mbele ya wafiwa ni kuwaachia maswali ambayo hawakuyahitaji siku hiyo. Kwa desturi jina hukaa chini upande wa nyuma, hivyo wewe uliyevaa hulioni, bali wote walio nyuma yako wanalisoma. Lisome kabla hujatoka. Kama huna uhakika na maana ya fumbo lake, chukua kanga nyingine.

Kitenge nacho kimepata nafasi yake misibani siku hizi kwa njia ya sare. Familia nyingi, hasa za bara, huchagua kitenge kimoja kwa ajili ya siku ya mazishi au ya kumaliza msiba, na wanandugu wote hushona. Hapo kitenge kinafanya kazi ya kanga kwa kumtambulisha mtu kuwa ni wa nyumba hiyo. Usinunue kitenge cha sare ya familia ambayo hukuhesabiwa ndani yake, hata ukikiona dukani na kukipenda. Mjane aliye edani, kwa Waislamu miezi minne na siku kumi, yeye hujiepusha na mapambo ya kila aina, na kwake rangi kali hazifai, ziwe za kanga au za kitenge.

Harusini

Harusi ni siku nyingi zilizofungwa kwa jina moja, na kosa la wengi ni kuuliza "nivae nini harusini" kana kwamba ni siku moja. Siku za ndani, za wanawake peke yao, kama vile singo, yaani siku ya kumsugua bibi harusi kwa manukato, unyago na ngoma za usiku wa kumpamba, ni siku za kanga. Wanawake wa upande mmoja huvaa doti za sare, moja kiunoni na moja kichwani au mabegani, na aliyekuja na gauni la kushonwa la gharama huonekana kama amekuja kutazama. Katika harusi za pwani kanga haivaliwi tu, bali pia ni sehemu ya mali inayotolewa: mkaja na ubeleko wa mama wa binti vina asili katika nguo ya kufunga tumbo na nguo ya kubebea mtoto, kwa hiyo hata pale vinapotolewa kwa fedha, majina yake yanamkumbusha kila mtu kazi aliyoifanya mama huyo. Kisutu, kanga ya zamani ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, bado huheshimiwa kuwa nguo ya bibi harusi. Na mama mwenye shughuli anapoingia ukumbini, ndugu na marafiki humtandikia kanga njiani ili apite juu yake. Aliyetandika kanga yake ametoa heshima kubwa kuliko aliyempa bahasha, na ninalisema hili nikijua kwamba bahasha ndiyo inayolipa gharama za ukumbi.

Kitenge kinatawala siku za nje: sherehe ya kumuaga binti, ambayo wengi huiita sendofu, na karamu ya ukumbini. Hapa mwili wote unaonekana, picha zinapigwa, wageni wanatoka kazini na mikoani, na gauni lililokatwa vizuri linamheshimu mwenye shughuli kuliko kanga iliyofungwa. Mtu akivaa kanga ya kujifunga katika ukumbi wa aina hiyo, na si mwenye jukumu jikoni, atachukuliwa kuwa hakujiandaa. Lakini kumbuka kwamba kitenge kinadai muda. Kanga ununuayo asubuhi huweza kupindwa na kuvaliwa jioni, wakati kitenge kinahitaji kupimwa, kukatwa, kujaribishwa na kurekebishwa, na mafundi wengi huelemewa sana mwezi Desemba. Ikiwa umebakiwa na siku tatu, usimpelekee fundi kitenge kipya cha mshono mgumu. Mwombe sketi iliyonyooka na blauzi, au vaa ulichonacho kikiwa kimepigwa pasi vizuri.

Ofisini na mbele ya vyombo vya dola

Hapa ulinganisho ni mfupi, kwa kuwa kanga ya kujifunga haina nafasi ofisini. Kitenge kilichoshonwa kinayo, na katika ofisi nyingi ndiyo nguo inayopendelewa siku ya Ijumaa. Nchini Tanzania waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unakataza nguo zinazobana na zinazoonyesha maungo, na kwa hiyo tatizo la kitenge ofisini huwa ni mshono, wala si kitambaa: mpasuo ulioanzia juu ya goti, mgongo ulioachwa wazi, kiuno kilichokazwa kama cha ukumbini. Gauni la harusi ya jana halifai kuwa gauni la ofisi ya leo hata kama kitambaa ni kilekile.

Mahali penye kanuni zake, kanuni hizo hushinda mazoea ya mtaani. Bungeni Dodoma, mwezi Juni 2021, mbunge mwanamke alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali iliyodaiwa kumbana, na mjini Nairobi, mwezi Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa alitangaza kwamba suti za Kaunda, zile zisizovaliwa tai, hazikubaliki, ingawa wakati huo zilikuwa zimependwa sana na wanasiasa, Rais akiwa miongoni mwao. Ukiitwa kwenye usaili, mahakamani au katika ofisi yoyote ya aina hiyo, uliza kanuni kwanza. Kama hakuna wa kumuuliza, chagua kitenge cha rangi iliyotulia, chenye nakshi ndogo, mikono ifike angalau kiwiko na urefu upite goti.

Katika ibada, vikundi vya akina mama makanisani, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwa mfano, vina vitenge vyao vya sare, na mwanachama hana haja ya kuchagua. Asiye mwanachama avae kitenge kingine kilichoshonwa kwa staha, na kanga ya kujitanda iwe karibu.

Zawadi

Kwa zawadi naipendelea kanga bila kusitasita, na sababu ni jina lake. Kitenge ni zawadi nzuri ya kitambaa, lakini hakina cha kusema, na kinamwachia mpokeaji gharama ya fundi. Kanga yenye jina "Nani kama mama" aliyopewa mama siku ya kumwoza binti yake itatunzwa kwenye sanduku mpaka wajukuu wataikuta. "Wema hauozi" inamfaa aliyekuuguza. "Japo sipati tamaa sikati" usimpe mkwe wala mtu yeyote mwenye uwezo wa kudhani kwamba unamlalamikia. Mpokeaji hatakuuliza ulimaanisha nini; ataisoma, ataamua mwenyewe, na huenda asikwambie kamwe alichoamua. Ikiwa hujafahamiana na mtu kiasi cha kujua jina gani litamfurahisha, basi kitenge kisicho na neno ndicho salama zaidi, na katika hali hiyo peke yake nakubali kwamba ukimya wake ni sifa.

Unaponunua

Inyooshe kanga mbele ya mwanga. Ikipitisha mwanga kama chandarua, haitakusitiri ikilowa jasho, na utalazimika kuvaa kitu ndani yake. Kanga mpya, hasa nyekundu na nyeusi, ifuliwe peke yake mara za kwanza kwa sababu huchuja. Kitenge kigeuze: kile cha nta halisi, yaani ambacho nakshi zake zimechapwa kwa nta, rangi zake zimeingia pande zote mbili karibu sawasawa, wakati cha kuigiza upande wa nyuma huwa umefifia. Pia kishike mkononi, kwani vipo vinavyouzwa kama vitenge ilhali si pamba, na joto la Dar es Salaam au Mombasa ndani ya nguo hiyo ni adhabu. Gauni refu la mtu wa umbo la wastani huhitaji yadi 3 hadi 4, na kilemba huongeza; pisi ya yadi 6 huacha kitambaa cha kutosha shati la mtoto au mkoba. Ukitaka kushona gauni kwa kanga, jambo linalofanyika na kupendeza, mwambie fundi aliache jina lote likisomeka na lisigeuke kichwa chini, maana jina lililokatwa katikati huweza kusema neno ambalo hukulikusudia.

Wapo watakaouliza kuhusu dera na baibui. Dera, au kijora kama wanavyosema Mombasa, limechukua sehemu kubwa ya kazi ya kanga nyumbani na katika shughuli za wanawake, na linakaa vizuri penye joto, ila msibani bado litadai kanga juu yake. Baibui husitiri mwili wote na hukubalika karibu kila mahali, na aliyevaa baibui bado anaweza kujifunga kanga juu na kuingia jikoni. Kwa wanaume mambo ni mepesi zaidi: kanzu na kofia kwenye nikahi na maulidi, shati la kitenge lililoshonwa vizuri kwenye karamu na ofisini Ijumaa, suti pale kadi ilipotaja suti. Kanga mwanamume huijifunga ndani ya nyumba yake, kwa kulala au kwenda kuoga, na hatoki nayo.

Inabaki hali moja ngumu, nayo ni kualikwa katika nyumba usiyoifahamu, labda ya wakwe wapya au ya kabila jingine, na hakuna aliyekutajia vazi. Mimi huvaa gauni la kitenge lililopwaya, la mikono mirefu, rangi isiyopiga kelele, na mkobani naweka kanga moja yenye jina la amani. Nikifika natazama wanawake wa rika langu wameketi wapi. Wakiwa vitini, nakaa nao na kanga inabaki ilipo; wakiwa wanazunguka na sahani au wameinama juu ya masufuria, naitoa, najifunga, na kumuuliza aliye karibu nami, "Shikamoo dada, nianzie wapi?"